Viatu vya Fidèle na Ufunguo wa Bulaimu

Bulaimu alifunga sanduku la marehemu kaka yake, akaenda na ufunguo Kabambare miezi yote ya mvua, kisha akasimama mbele ya watu na kusema mjane ndiye aliyeozesha vilivyokuwamo. Kosa ni hilo, na lilitendwa kijijini Wamaza mchana kweupe.

Mjane huyo ni Emilienne. Mumewe, Fidèle, alizikwa mvua zilipoanza. Kesho yake wakwe walikusanya koti lake jeusi, mashati na viatu vyake vya ngozi, wakavitia kwenye sanduku la bati. Ndiyo desturi: vitu vya marehemu havigawanywi mpaka matanga yaishe, baada ya miezi kadhaa, na mjane havigusi, asije akaficha. Lakini viatu vilikuwa bado vimelowa, kwa kuwa Bulaimu mwenyewe alivivaa kwenda makaburini, kwenye tope.

"Shemeji, viache vikauke kwanza," Emilienne alimwambia. "Ngozi yenye maji ukiifungia inaota ukungu. Siku tatu tu, kivulini."

"Wewe hata jina lako hujui kuandika, leo utanifundisha?"

"Kwani viatu vinajua kusoma?"

Watu walicheka. Bulaimu hakucheka. Alibana kufuli, akatia ufunguo mfukoni, akawasha pikipiki.

Miaka kumi na tisa Emilienne ndiye aliyetunza viatu vile. Kila vilipolowa alivipangusa, akavijaza karatasi na kuviweka penye upepo, mbali na jiko, kwa sababu moto hupasua ngozi. Nguo hakuikunja kabla haijakauka hadi kwenye mishono. Sasa alilala chumba kimoja na sanduku, akisikia harufu ya uozo ikizidi kila wiki. Aliliinua juu ya matofali lisiguse udongo. Zaidi ya hapo hakuwa na ruhusa. Mara tatu aliwatuma wenye pikipiki waendao Kabambare: mwambieni alete ufunguo, tuanike vitu. Mara tatu jibu lilikuwa moja: "Asubiri."

Siku ya kumaliza matanga, sanduku lilifunguliwa uani. Koti lilikuwa na madoa ya kijani. Viatu vilikuwa vimeota manyoya meupe.

"Mumeona roho ya huyu mwanamuke?" Bulaimu alipaza sauti. "Alimwaga maji humu ili sisi tukose!"

"Nilimwaga kupitia kufuli?"

Marguerite, mke wa Bulaimu, akaja mbio na chupa ya javel, dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, mkono mmoja, siki mkono mwingine.

"Weka chini, mama!" Emilienne alifoka. "Javel itakula ngozi na rangi ya koti. Na ukiichanganya na siki, hewa yake itatuchoma kifua sisi wote."

Alifunga kitambaa puani, akafukuza watoto, akapeleka vitu nyuma ya nyumba upepo ulikoelekea. Alipiga brashi ule ukungu ukiwa mkavu. Viatu alivifuta kwa kitambaa chenye siki kidogo na maji, kilichokamuliwa vizuri, akaviacha kivulini siku mbili, ndipo akapaka kiwi. Koti alilifua kwa sabuni, akalianika juani. Hakuwafanyia wao. Alimfanyia Fidèle.

Koti lilibaki na doa begani. Viatu vilipona. Bulaimu akavivaa, akaondoka navyo bila hata asante.

Maneno yake yalibaki. Emilienne akifika kisimani, wanawake wananyamaza. Kanzu za waimbaji wa kanisa, alizozitunza miaka sita bila doa, amepewa mwanamke mwingine, Léontine. "Si kwa ubaya, Mama Emilienne," walimwambia. "Ni kwa vile watu wanasema." Watu gani? Ni mtu mmoja aliyesema.

Viatu na abaki navyo. Bulaimu ana deni la kurudi Wamaza, asimame uani mbele ya watu wale wale, aseme sanduku alilifunga yeye, viatu vilivyolowa alivitia yeye, na mjane hakumwaga kitu. Mvua nyingine zimeanza, na hajaja.