Mstari Ulionyamazishwa

Kazini walimwita Mama Nukta, na asikudanganye mtu kwamba alilichukia jina hilo. Miaka kumi na tisa alikaa kwenye kile chumba chembamba cha hospitali, kati ya friji ya damu na choo cha wafanyakazi, akiandika programu za kompyuta kwa lugha ya Perl na kuzikaripia kama watoto wa kuzaa mwenyewe. Programu ikigoma, aliisoma kwa sauti. Mabano yakifunguka, alitia kizibo cha soda kikombeni, yakifungwa, alikitoa. Kizibo kikibaki, ujue kuna mabano yameachwa wazi. Wacheke watakao, alikuwa hakosi.

Programu yake kuu ilisoma mafaili ya wagonjwa wa upasuaji na kutoa orodha: huyu kundi lake la damu ni hili, yule ni lile. Saa nne dereva aliipeleka ghala kuu la damu, mwendo wa saa mbili, mara moja tu kwa siku. Ikija damu isiyomfaa mgonjwa, maabara waliigundua, lakini upasuaji ulikuwa umeshaharibika. Miaka mitatu nyuma iliwahi kuja hivyo, ya mzee mmoja. Mama Nukta akasema dereva kachanganya, na dereva akaandikiwa barua ya onyo. Tangu hapo, kila akimpa orodha alimkumbusha: "Leo usichanganye." Dereva alikunja uso na kwenda kuwasha gari.

Sasa, asubuhi moja programu iligoma. Bosi, dada mwepesi wa vidole ambaye hakuwa amemaliza hata mwaka pale, alikuwa ameihamishia kompyuta mpya na kuwasha mstari wa "use strict", ule unaoiamuru Perl ikatae kigeu chochote, yaani kile kijisanduku cha kuwekea taarifa, kisichotangazwa kwanza. Kioo kikajaa makosa kumi na saba.

"Mama, gari linaondoka saa nne," alisema Bosi. "Tuuzime tu. Si ulikuwa umezimwa siku zote?"

Ulikuwa umezimwa, ndiyo. Aliyeuzima ni Mama Nukta mwenyewe, kwa alama ya reli (#) mbele yake ili Perl iuruke, miaka kumi na moja nyuma, wiki aliyokuwa akimuuguza mama yake. Alijiahidi atarudi kuurekebisha. Mama akafariki, kazi zikarundikana, programu ikawa kimya. Na kitu kisicholalamika, nani atakikumbuka?

"Usiguse," alisema. "Makosa kumi na saba si makosa kumi na saba. Tafuta la kwanza, mengine ni watoto wake."

La kwanza lilikuwa nukta mkato ambayo Bosi alisahau kwenye mstari aliouongeza jana. Mama Nukta akaitia. Makosa tisa yakatoweka. Manane yaliyobaki yote yalilalamikia kigeu kimoja, cha kundi la damu, ambacho hakuna aliyewahi kukitangaza. Akakitangaza kwa neno "my", ndani ya mzunguko unaochukua mgonjwa mmoja mmoja. Orodha ikatoka. Ilikuwa saa nne kasoro robo, na Bosi akapiga vigelegele.

Kwa wasiwasi wake, Bosi alikuwa ameshachapa orodha nyingine kwenye kompyuta ya zamani. Wakaziweka pamoja mezani. Zilifanana kila mahali isipokuwa kwa mama mjamzito wa kupasuliwa kesho. Ya zamani ilisema A chanya. Mpya haikusema kitu.

"Basi hii mpya ndiyo mbovu," alisema Bosi. "Ya zamani imempatia kundi."

"Imelitoa wapi?" Mama Nukta alikuwa ameshafungua faili. "Huyu hajapimwa."

Akatazama jina la juu yake. A chanya. Hapo akaelewa. Kigeu kisichotangazwa kilikuwa kimoja kwa wote, hakimwagwi kabla ya mgonjwa anayefuata, na asiye na kundi faili­ni alipewa lililoachwa na jirani wa juu.

"Wapigie maabara simu wampime sasa hivi!" alifoka. "Na gari lingoje!"

Maabara wakipima, yeye akavuta bunda la orodha za zamani, akamtafuta yule mzee. Akamkuta: B chanya, na jirani yake wa juu B chanya. Akatoa na faili lake la karatasi: kundi liliandikwa siku iliyofuata orodha hiyo, kwa wino, nalo lilikuwa O. Loo, aibu ilimshuka mpaka miguuni.

Simu ikalia. Mjamzito alikuwa O hasi. Mama Nukta akaliandika kwa mkono kwenye orodha mpya na kupiga muhuri.

Dereva alikuwa ameshanyoosha mkono dirishani, uso ameukunja, akingoja maneno yake ya kila siku.

"Ndugu yangu," alisema Mama Nukta, "ile damu ya yule mzee hukuichanganya wewe. Programu yangu ndiyo iliyodanganya. Nisamehe."

Dereva akaikunja orodha, akaitia mfuko wa shati.

"Barua ya onyo iko kwenye faili langu, mama," alisema. "Haya ya dirishani hayaingii faili."

Akabeba boksi la barafu akaenda, maana mgonjwa wa watu alikuwa anasubiri.

Bosi akamsihi Mama Nukta anywe chai kwanza. Akakataa. Alivuta karatasi, akaandika tarehe, akaandika jina kamili la dereva, kisha akaandika kwamba kosa lilikuwa lake.