Fundi wa Vifuniko

Miezi ile mume wangu akirudi kazini alikuwa hasemi. Anavua viatu mlangoni, anakaa kwenye kiti cha karibu, wala si kile anachokipenda, na mikono anailaza mapajani viganja vikitazama juu. Mimi namwacha. Zamani ningemuuliza kuna nini, nani kamuudhi, naye angejibu hakuna kitu, tukaishia kugombana kwa sababu ya hicho hakuna kitu. Wakati ule nilikuwa namwekea maji ya kuoga na kufunga mdomo, na anayenijua anajua kwamba kwangu mimi hiyo si kazi ndogo.

Ni fundi wa magari. Nikisema fundi nina maana fundi hasa: injini inanguruma langoni, kabla hujashuka ameshakwambia inaumwa wapi. Kampuni yake iliuza pikapu za dizeli miaka mingi, naye alishinda ndani ya shimo la karakana, mweusi wa oili mpaka kwenye nyusi, na alikuwa na furaha zake. Kisha zikaja pikapu za umeme. Hazibadilishwi oili, hazina moshi, hazina hata mlio wa kumweleza fundi shida. Wenzake wakapunguzwa mmoja baada ya mwingine, wakaletwa wataalamu wawili wa kompyuta wanaochomeka waya na kusoma majibu kwenye kioo. Fundi wa mikono akabaki yeye peke yake.

Alibaki kwa sababu ya vifuniko. Pikapu hizi, kule nyuma kwenye mizigo, zina kifuniko cha vipande vyembamba vya bati gumu vilivyoungwa pamoja. Unabonyeza kitufe, mota inaguna, kifuniko kinateleza kwenye reli mbili za pembeni na kujikunja ndani ya sanduku lililo nyuma ya kabini. Unabonyeza tena, kinarudi kufunika. Kwenye tangazo ni raha tupu. Sasa njoo huku duniani kwenye vumbi! Kifuniko kinafika katikati, kinahisi uzito, kinadhani kimebana mkono wa mtu, basi kinageuza na kurudi kilikotoka. Ukibonyeza tena ni yale yale, hakifungi ng'o. Na kuna vile vinavyokataa kufunguka, mzigo wako uko ndani na wewe uko nje unapiga bati kwa ngumi.

Basi ndiyo kazi aliyobaki nayo mtu aliyekuwa akishusha injini na kuirudisha. Anainama, anachomoa vipande, anasafisha reli, anarudisha, anabonyeza, anasubiri. Pale kazini walimbatiza jina la Mifuniko, naye akaliitikia.

Msimamizi wa karakana hakuwa mtu wa kuzungusha maneno. Alishamwambia kwamba nafasi ya fundi wa mikono ipo kwa ajili ya vifuniko tu, na kwamba gari likirudi na ugonjwa ule ule, mgonjwa si gari, ni fundi. Nanyi mjue, mume wangu kichwa kimeshaota mvi. Akitoka pale, nani atamwajiri mzee wa dizeli? Mimi nashona sare za shule kwa msimu, na msimu ukiisha cherehani inalala. Kazi ile ndiyo iliyotuweka mjini, tuliing'ang'ania kwa meno.

Aliyekaribia kuiangusha ni Mama Mayai. Ni mfanyabiashara mmoja mwenye haraka sana, anapeleka mayai madukani, na pikapu yake ilikuwa imeshatengenezwa kifuniko mara mbili. Siku hiyo alifika jua la utosi, trei zimejaa nyuma, kifuniko kimeuma meno. Mume wangu akajilaza chini ya gari akatafuta kamba ya dharura, akaivuta mpaka mishipa ikamtoka shingoni. Kilipoachia, joto lililotoka mle ndani lilikuwa la kuangulia vifaranga. Mama Mayai akasema mengi, na mengine siyarudii. Msimamizi akatoka ofisini, akamsikiliza mpaka mwisho, halafu akamgeukia mume wangu pale pale mbele ya watu.

"Hili likirudi tena," alisema, "usiniletee gari. Niletee ovaroli."

Hayo nilisimuliwa na mlinzi wa lango. Mume wangu mwenyewe, kama kawaida yake, hakuna kitu.

Sasa nimtaje shemeji. Huyu ni kaka mkubwa wa mume wangu, watu wanamwita Mzee Povu kwa sababu anaosha magari nje ya lango lile lile la kampuni. Kila gari likitoka karakana linapitia kwake kwanza, lioshwe, ndipo mwenyewe akabidhiwe. Wazazi wao walipofariki ni yeye aliyemlea mdogo wake, akaacha shule ili mwenzake asome ufundi, na sijawahi kumsikia akilisema hilo hata kwa mzaha. Mzaha wake ni kwangu. Mkewe alipotangulia mbele ya haki, nguo zake zikahamia kwenye beseni langu, nikawa namwambia nimeolewa na mmoja nafulia wawili. Hujibu kwamba bahati kama hiyo wanawake wengine wanaifungia safari.

Fahari yake ni mkono wa mwisho. Gari likishakauka halipi ruhusa ya kuondoka mpaka alipake mafuta anayochanganya mwenyewe na maganda ya limau: matairi, dashibodi, mipira ya milango. Anasema gari lililooshwa lisipakwe ni sawa na mtoto aliyeogeshwa akaachwa anapauka. Wateja wanampenda kwa hilo.

Jumamosi moja nilikuwa nafua. Mikono ya ovaroli ya mume wangu ilikuwa na tope jeusi, zito, la kunata, nikaipeleka puani kujua ni sabuni gani itakayoliweza. Limau! Nikavuta shati la shemeji kutoka upande wa pili wa beseni. Limau ile ile. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, nami nilikuwa nimekikunja mkononi kinachuruzika maji. Kwa maana nimemsikia mume wangu akirudia mpaka nimechoka, kwamba reli za kifuniko hufutwa kwa kitambaa kikavu, hazipakwi kitu, kwa sababu mafuta yakikutana na vumbi yanakuwa uji, na uji ndio unaokwamisha. Na shemeji na mkono wake wa mwisho alikuwa anazipaka.

Nilikwenda chumbani na mikono yenye povu. Alikuwa amejinyoosha kitandani na nguo zake. Nikamwambia yote kwa pumzi moja, kwamba kaka yake anampalia makaa bila kujua, na kwamba aende sasa hivi amwambie. Hakufungua macho.

"Najua," alisema.

Alijua tangu mvua zilipokatika. Na tangu hapo, kila pikapu iliporudi ndani kutoka kwa kaka yake, alikuwa akiivizia kabla mwenye gari hajafika, anafuta reli upya, kipande kwa kipande. Kila kazi aliifanya mara mbili. Ndiyo maana alikuwa anarudi hoi. Waliomponyoka ni wale wenye haraka waliochukua magari yao kule kule kwenye maji, na wa kwanza wao ni Mama Mayai.

Hasira zilinipanda mpaka masikio yakawaka moto. Nikamuuliza anangoja nini. Akasema akimtaja kwa Msimamizi, kesho yake kaka atavunjiwa kibanda. Akimwambia kaka mwenyewe, atajiona mjinga mbele ya mtu aliyemlea, na aibu hiyo hataki kumpa.

"Na wewe je?" nikamuuliza.

"Mimi nachoka tu," akasema, akageukia ukutani.

Nilirudi kwenye beseni nikalia, na nguo zile nilizifua kwa nguvu mpaka kifungo kimoja kikang'oka.

Jumapili shemeji alikuja kula kama desturi yake. Nilikuwa nimejiapiza kunyamaza, na nilinyamaza. Tulipomaliza, mume wangu akasukuma sahani pembeni. Nadhani aliona uso wangu akaona heri aseme yeye kuliko niseme mimi. Akaongea polepole, kwa heshima, akamwomba kaka yake asipake tena mafuta kwenye reli za vifuniko, akamweleza habari ya vumbi na uji.

Nilimtazama shemeji nikitegemea kumwona akishtuka, ashike kichwa, aseme jamani kumbe. Hakushtuka. Alikuwa anajifuta vidole, akaendelea kujifuta hata vilipokuwa vimeshakauka zamani.

"Unadhani sijui?" akasema. "Si wewe mwenyewe uliyeniambia zisipakwe, pikapu ya kwanza ilipokuja?"

Akatueleza. Wakubwa wa kampuni humletea magari yao, na wenye magari huongea mbele ya mwosha magari wakidhani maji yameziba masikio yake. Alimsikia Msimamizi akimwambia mwenzake kwamba vifuniko vikishatulia, yule fundi mzee hawatamhitaji tena. Shemeji akakaa na habari hiyo peke yake siku kadhaa. Kisha akachovya kitambaa kwenye kopo la mafuta.

"Nikasema basi havitatulia," alisema. "Wewe utakuwa na kazi, mimi nitakuwa nakuona ukipita hapo langoni kila asubuhi."

Sikujua nicheke, nimpige na sinia, au nimpigie magoti. Mtu amemwua mwenzake kwa uchovu miezi mizima, na alifanya hivyo kwa mapenzi! Nilitaka kumwonea hasira nikakosa pa kuishikia.

Nilidhani mume wangu atasema ahsante, au atasema kwa nini, kwa kuwa mtu yeyote angesema mojawapo.

"Kaka, nimechoka," alisema.

"Nikiacha watakutoa."

"Najua."

"Utakula wapi?"

"Acha tu, kaka. Nimechoka."

Shemeji alinitazama mimi, anataka niseme kitu. Kama kuna siku nilipaswa kusema, ni hiyo. Ningeweza kusema endelea, zipake hata ndoo nzima, sisi tunahitaji kula. Lakini nilikuwa nimeiona ile mikono imelala mapajani jioni baada ya jioni. Nikakusanya sahani. Shemeji akaitikia kwa kichwa, macho yamemjaa maji, na tangu Jumatatu yake kitambaa cha mafuta hakikugusa reli tena.

Vifuniko vikatulia. Vikafunguka na kufungika kama kwenye tangazo. Mama Mayai alipita na trei ya mayai ya shukrani, akasema huyu ndiye fundi, wengine wote ni watalii. Msimamizi alimpa mkono mbele ya watu. Mume wangu akaanza kurudi nyumbani kabla ya giza, akala akiwa macho, jioni moja akanitania kuhusu chumvi, jambo ambalo alikuwa ameliacha kitambo. Nami mjinga nikaanza kuwaza labda wameshasahau. Labda mtu akifanya kazi vizuri namna hiyo wanaona haya kumtoa.

Hawakuona haya. Walimwita ofisini asubuhi moja, Msimamizi akamvutia kiti mwenyewe. Akasema vifuniko vimekaa sawa, na kwamba yote ni kwa juhudi zake, kampuni haitamsahau. Akamsindikiza mpaka langoni. Ovaroli ilibaki kule kwa sababu ni mali yao.

Alifika nyumbani kabla sijapika cha mchana. Nyuma yake alikuja shemeji, na buti zake za mpira, povu halijamkauka kwenye mikono, akasimama nje ya mlango hathubutu kuingia. Nilikuwa na maneno yangu tayari, na mengi hayakuwa mazuri. Mume wangu akawahi.

"Ingia, kaka. Kaa."

Wakakaa bega kwa bega kwenye kochi, watu wazima wawili, wakazungumzia mvua ambayo haikuwapo. Baadaye shemeji akasema pale kwenye maji nafasi ipo, ndoo ya pili haina mtu. Mume wangu akasema mgongo wake utaamua. Wakanywa chai. Hakuna aliyetaja kifuniko, na shemeji alipoondoka hakunitania.

Usiku ule mume wangu alilala usingizi ambao sikuwahi kumwona nao, mdomo wazi, hasikii hata mbu. Mimi ndiye niliyekesha nikihesabu mabati ya paa. Kulipopambazuka, kwa mazoea, nikamtikisa bega nikamwambia amka utachelewa. Akaamka. Akavaa suruali, akafunga vifungo vya shati kimoja kimoja, akaingiza miguu kwenye viatu akafunga kamba, na mimi nimeshika taa yake ya mkononi nimpe. Ndipo tukakumbuka, wote wawili kwa pamoja.

Akaketi ukingoni mwa kitanda, na viatu vyake miguuni.

"Sasa?" akaniuliza.

Nikainama nikaanza kumfungua kamba za viatu.