Kilichokuwa Ndani ya Mpira wa Mwende

Nikipita mahali vitambaa vinapouzwa, ile harufu ya nguo ambayo haijaguswa na maji hunirudisha Kangundo, nyuma ya nyumba yetu, tulikochezea mchezo wa kati. Stima haikuwa imefika kwetu, wala sikumbuki kama tuliikosa. Wawili walirusha mpira kutoka pande mbili, nawe ulikuwa katikati ukikwepa; ukikugusa, umetoka. Mpira tulijitengenezea kwa karatasi za nailoni na kuukaza kwa kamba ya katani.

Mpira wa dada yangu Mwende ulishinda yote. Mingine ilipepea, wake ulikwenda moja kwa moja na kuuma. Aliufunga Jumapili moja akiwa ameketi mlangoni, mama akijiandaa kurudi Athi River, kwenye kiwanda cha nguo, ambako alikuwa akikaa mwezi mzima kabla ya kuja tena. Asubuhi hiyo mama alikuwa amepoteza kitambaa chake cha kichwa. Alitafuta chini ya kitanda, akatafuta kwenye kamba ya nguo, akarudi chini ya kitanda. Mwishowe akaondoka kichwa wazi.

Siku chache baadaye jirani yetu Ndinda alipigwa mgongoni, akashika kiuno.

"Hiyo mpira iko na jiwe ndani. Hatuchezi na nyinyi tena."

Mwende angeweza kusema tu, "Fungueni muone." Badala yake aliukumbatia mpira akaenda zake, nasi tukabaki bila mchezo, maana kati haichezwi na watu wawili.

Nilikuwa na miaka minane, mtoto wa kufukua mbegu za maharagwe kila jioni nione kama zimeota. Mwende alipokwenda kuteka maji nilichukua wembe. Nilibandua karatasi moja baada ya nyingine, nikiomba nisikute jiwe na huku nikitaka sana kuliona. Nikakuta kitambaa cha mama, kimepigwa fundo gumu, kinanukia mafuta ya cherehani na nguo mpya.

"Umefungua," Mwende alisema nyuma yangu, mtungi ukiwa bado mgongoni.

"Nilikuwa nataka kuona jiwe."

Nilingoja kofi. Alikaa chini, akakinusa kile kitambaa, kisha akaniwekea puani.

"Usiambie mama."

Tuliufunga upya pamoja, na upande wangu ulifungwa ovyo.

Mwisho wa mwezi mama alipokuja, mpira ulibingiria hadi miguuni pake, ncha ya kitambaa ikiwa nje. Aliiona. Nilimwona akiiona. Akaisukuma ndani kwa kidole, akaikaza kamba, akamrushia Mwende mpira.

"Ndinda yuko wapi? Haya, mimi nitaingia kati."

Mwende alirusha taratibu sana siku hiyo.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba hapo ndipo mama alipojua kitambaa chake kilikokuwa. Sasa mimi pia ninaacha watoto nyumbani kila Jumapili, na naiwaza upya ile asubuhi, nami naona uchungu. Alitafuta chini ya kitanda mara mbili. Mwende alikuwa pale mlangoni akiufunga mpira, na mama hakumwuliza hata mara moja.