Kinyozi Aliyesubiri Leseni ya Uuguzi

Mtaani walimwita Mkasi, ingawa miaka yote alinyoa kwa mashine, na mkasi wenyewe aliushika kwa ajili ya masharubu tu. Alikuwa kinyozi mchangamfu, mwenye maneno mengi, na watu walikuja kwake kunyolewa na kupata habari kwa mpigo mmoja.

Siku moja mteja mmoja, mtu mzima, alizimia kitini. Mkasi hakujua la kufanya zaidi ya kumshika kichwa kisianguke. Alipomfikisha zahanati alimganda muuguzi kwa maswali: mbona mmemwinua miguu, hiyo dripu ni ya nini, mnajuaje kama yuko salama. Muuguzi alimjibu mpaka sauti ikamkauka.

"Kaka," akamwambia mwishowe, "maswali haya ni ya mtu anayeitaka kazi hii. Nenda kasome."

Akaenda. Mkewe, aliyekuwa keshia katika duka la vifaa vya ujenzi, akaibeba nyumba peke yake, na Mkasi akasoma uuguzi akiwa mkubwa kuliko wenzake wote darasani, na kuliko baadhi ya walimu pia. Akamaliza chuo. Ukabaki mtihani wa leseni, ule ambao usipoufaulu huruhusiwi kuajiriwa wodini hata ukiwa na vyeti vya kujaza kabati. Akaufanya, akatoka, akashusha pumzi. Alipofika getini ndipo akalikumbuka swali la dozi ya mtoto. Nukta aliiweka wapi? Kabla ya tano au baada ya tano?

Akamkimbilia kiongozi wa darasa lao, msichana mmoja mkavu ambaye wote walimwita Dada Mkuu.

"Lile swali la dozi, ulipata ngapi?"

"Sijibu."

"Niambie tu kama jibu lako lina nukta."

"Mkasi, karatasi umeshaikabidhi. Nenda nyumbani ukale."

Alikwenda akala, lakini ile nukta ilikaa naye mezani.

Matokeo yalisemwa yatatoka "hivi karibuni", neno ambalo halina mkia wala kichwa. Mkasi akatafuta cha kushughulisha mikono. Alianza na ufagio uliopasuka mpini, akaufunga bendeji safi ambayo mwalimu yeyote angeipa alama zote. Kisha akahamia chumbani. Mkewe aliporudi kazini alikuta shuka zimekunjwa pembeni na kubanwa chini ya godoro kama kitanda cha hospitali, zimekaza kiasi kwamba hakuweza kupitisha mguu.

"Mume wangu," akasema, akivuta kona moja kwa mikono miwili, "hii ni shuka au bahasha?"

Aliyeumia zaidi ni mama mkwe wake, aliyekuwa akiishi nao. Mkasi alikuwa na kipimo cha presha, na mama mkwe alikuwa na mkono. Alimpima akiamka, alimpima kabla ya chai na baada ya chai. Alimpima hata alipotoka kucheka kipindi cha redio, ili aone kicheko kinafanya nini.

"Mama, samahani, naomba mkono."

"Mkono huuhuu wa asubuhi?"

"Huohuo, mama."

Alivumilia, kwa sababu mkwe wake alikuwa mtu wa adabu na alikuwa akimpenda. Lakini asubuhi moja, Mkasi alipomjia na kipimo, yule mama alikichukua mikononi mwake.

"Leo kaa wewe, baba."

Mkasi akakaa. Mama mkwe akamfunga kile kitambaa mkononi, akabonyeza kitufe kama alivyokuwa akiona kila siku, akasubiri kijae upepo na kipungue. Kisha akamgeuzia kile kioo chenye tarakimu ajisomee.

"Yangu iko sawa tangu ulipoanza kunipima," akasema. "Yako ndiyo inapanda ngazi. Rudi kule kwenye vichwa vya watu, mwanangu, upumue. Na mimi nipumue."

Mkwe habishani na mama mkwe. Siku ileile alirudi kwenye chumba cha kinyozi alikofanya kazi zamani. Bosi wake, mzee mwenye kitambi na upara, hakumuuliza lolote. Alimwonyesha kwa kidevu kiti cha pili, kile chenye mkono ulioshonwa, akasema, "Mashine yako iko palepale."

Mikono haikuwa imesahau. Tatizo lilikuwa simu. Mkasi aliiweka mfuko wa kifuani, na kila ilipotetema alitetema nayo. Wateja waliona amekuwa bubu. Mmoja alimuuliza bosi kwa sauti ya chini kama Mkasi amefiwa.

Ndipo akaja bwana harusi.

Alikuwa kijana mwenye nywele nyingi zilizotunzwa, na alitaka zipunguzwe kidogo tu, zichongwe pembeni, kwa sababu harusi ilikuwa kesho. Mkasi alimnyoa vizuri, taratibu. Alikuwa amekitoa kichana cha mashine, kile kinachoizuia isinyoe hadi ngozi, ili asafishe shingo, simu ikatetema. Akachungulia. Kwenye kundi la darasa mtu alikuwa ameandika: "Matokeo yametoka." Mkono ukapanda wenyewe. Sekunde chache baadaye yuleyule mtu akaongeza: "Ya mechi ya jana."

Lakini mashine ilikuwa imeshapita. Palikuwa na njia nyeupe, imenyooka, kutoka shingoni hadi karibu na utosi.

Bosi akapunguza sauti ya redio.

"Mbona kimya?" akauliza bwana harusi.

Mkasi akachukua kioo cha mkononi, akakishika nyuma ya kichwa cha mteja. Kijana akatazama kwa muda mrefu.

"Hii barabara," akasema, "inaelekea wapi?"

"Samahani sana, kaka. Inabidi tunyoe zote."

"Kesho naoa."

"Najua."

Wakanyoa zote. Bwana harusi hakutukana wala hakupandisha sauti, ila alipovuliwa ile shuka ya kunyolea alitoa sharti moja: "Kwa mchumba wangu utakwenda kueleza wewe. Mimi nitasimama nyuma yako."

Wakaenda. Bibi harusi alikuwa sebuleni kwao akipiga pasi vitambaa vya meza. Mkasi akaeleza kila kitu bila kujitetea: mtihani, nukta, simu, ile mechi. Kisha akasogea kando, na kile kichwa kikaonekana, kinang'aa. Bibi harusi akaweka pasi chini. Akakizunguka kichwa, akakipapasa kwa kiganja, akaanza kucheka mpaka akatafuta kiti.

"Huyu huchukua muda mrefu kwenye kioo kuliko mimi," akasema alipopata pumzi. "Angalau kesho tutafika kwa wakati." Kisha akamgeukia Mkasi. "Na wewe nesi, uje na familia yako. Simu uiache nyumbani."

Akaiacha kweli, ndani ya droo. Alikwenda na mkewe na mama mkwe, akala akashiba, akacheza mpaka shati likamgandia mgongoni. Wakiwa njiani kurudi ndipo alipogundua kwamba tangu wafike hakuwa ameiwaza nukta hata mara moja. Wiki iliyofuata vijana wawili walikuja kwa bosi wakitaka kunyolewa "kama yule bwana harusi", na Mkasi akawanyoa huku akipiga soga kama zamani.

Matokeo yalitoka asubuhi ya siku ya kazi. Mkasi alikuwa amefika nusu ya ndevu za fundi bomba mmoja, mkewe alipopiga simu. Bosi alimtazama usoni, akamnyang'anya mashine.

"Toka nje. Leo sikuachii uso wa mtu."

Akatoka, akasimama karibu na makreti ya soda ya duka la jirani. Mkewe alikuwa na namba yake ya mtihani kichwani, na alikuwa ameanza kutafuta tangu duka lao lifunguliwe.

"Habari ya asubuhi, nesi," akasema.

"Usinitanie, mke wangu."

"Sikutanii. Umefaulu. Wote hapa wameshasoma, hata dereva wa saruji."

Nyuma ya sauti ya mkewe Mkasi alisikia watu wa dukani wakipiga makofi na mabati. Alikaa juu ya kreti. Akasema, "Asante kwa kuibeba nyumba." Mkewe akamwambia ana wateja kwenye foleni. Ile nukta hajaijua mpaka leo, maana matokeo hayakuonyesha swali moja moja. Akarudi ndani, akamwomba fundi bomba ruhusa, akamalizia zile ndevu mwenyewe.

Hospitali ikamwajiri wodi ya wanaume. Siku ya kwanza alifika mapema mno, nguo zimepigwa pasi mpaka zimesimama, na mlango wa wafanyakazi ulikuwa bado haujafunguliwa. Mlinzi akamtazama toka viatu hadi kofia.

"Una mgonjwa hapa, kaka?"

"Sina mgonjwa," akasema Mkasi. "Nina zamu."