Wasifu Niliousoma Chamwino

Mwanablogu yule tulibishana naye kwa miaka, na siku ya kumzika mimi ndiye niliyepewa kusoma wasifu wake. Mpaka leo nikikumbuka naona aibu.

Alikuwa mwalimu wa jiografia aliyeacha kazi, akabaki na shamba la zabibu na blogu yake ya siasa. Tulikuwa majirani mtaa wa Nkuhungu, Dodoma. Mimi ni mtumishi wa serikali, nilihamia huko na ofisi yangu. Yeye alikuwa mwenyeji, na kila jengo jipya alilitazama kama limejengwa juu ya kaburi la babu yake. Aliandika kila Jumapili akitoka kanisani. Jumatatu, kabla sijamaliza chai, nilikuwa nimeshamwandikia pale chini ya makala kwamba anatia chumvi, kwamba mji haujengwi hewani, kwamba si kila ofisa ni mwizi. Alinijibu siku ileile, tena kwa ukali. Jioni akapita kwangu na bakuli la zabibu kana kwamba hakuna lililotokea. Tulikula, tukacheka, lakini kumkubali sikumkubali.

Makala moja tuliigombania kuliko zote. Ilihusu wakulima wa kitongoji kimoja ambao mashamba yao yalipimwa viwanja kabla hawajalipwa fidia. Nilimwandikia kwamba amesikiliza upande mmoja tu. Akanijibu, "Upande wa pili una ofisi, utajisemea wenyewe." Nilinuna wiki nzima. Ofisi aliyoisema ilikuwa mlango wa tatu kutoka ofisi yangu.

Presha ilimwangusha shambani. Alilala hospitali siku mbili, ya tatu akafa.

Asubuhi ya mazishi, nyumbani kwao Chamwino, kaka yake mkubwa aliniita pembeni ya turubai. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akanishika mkono asiuachie.

"Mwanangu, wasifu utaandika wewe. Ila yale ya mtandaoni usiyatie. Binti yake ameajiriwa juzi tu, hajathibitishwa kazini, na wakubwa wake wanakuja."

Nikamwuliza kwa nini mimi.

"Wewe si ulikuwa unampinga? Wewe haitakuuma kuyaacha."

Iliniuma. Lakini nilimwona binti amekaa kwenye mkeka, macho yamevimba, kitambulisho cha kazi bado kinaning'inia shingoni, nikakubali. Na niseme ukweli, nilijiogopea na mimi pia. Mtumishi kumsifu mtu yule mbele ya wakubwa ni kujitafutia balaa.

Nikasoma. Kuzaliwa, kubatizwa, shule, ualimu, ndoa, zabibu, kuugua, kufa. Upepo ulikuwa unapeperusha vumbi, karatasi nimeishika kwa mikono miwili. Nilimaliza kwa Bwana alitoa na Bwana ametwaa, watu wakaitikia amina. Kaka yake alinitazama akaitikia kwa kichwa, ameridhika, nami nikamchukia kidogo.

Nyuma ya turubai walikuwa wamesimama watu waliokuja na lori, nguo zimejaa vumbi, hawajuani na mtu. Tulipokwenda kaburini walibaki palepale. Familia ikatia udongo, majirani wakatia, wakubwa wa binti wakatia, kaburi likafukiwa na mashada yakawekwa. Wao hawakusogea. Nilidhani wanaona haya.

Watu walipoanza kutawanyika, mama mmoja mzee kati yao akanifuata. Kiswahili chake kilikuwa cha kutafuta neno.

"Samahani, mwanangu. Sisi tumetoka mbali. Tumekosea msiba?"

"Mnamtafuta nani, mama?"

"Yule aliyeandika mashamba yetu, jina lake hatulijui. Tuliambiwa wanamzika leo, hapahapa. Sasa huyu uliyesoma habari zake ni mwalimu, mtu wa zabibu. Yule wetu wanamzika wapi?"

Kaka wa marehemu alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwetu. Wakubwa wa binti walikuwa wanapanda gari lao. Nilimwinamia yule mama nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba hawajakosea, ni huyuhuyu.

Hakunigombeza. Aligeuka akawatazama wenzake waliokuwa wanamsubiri kando ya lori, kisha akalitazama kaburi na mashada yake.

"Tungejua," akasema, "na sisi tungesogea tukatia udongo."