Wimbo Ambao Tulikuwa Hatujaufikia

Mimi ni mtu wa nyumbani. Alfajiri nasafisha ofisi za wakubwa kule mtaa wa Schuman, na kabla wao hawajamaliza kahawa ya kwanza nimesharudi nyumbani Molenbeek kwa treni ya metro, nimevua viatu, nimekaa. Dada yangu mdogo, anayeniita yaya, yaani kaka mkubwa, na ambaye tumeishi pamoja tangu tutoke Bukavu kuja huku ughaibuni, huwaambia watu kanisani kwamba kochi letu limeota mizizi, na mizizi yenyewe ni mimi.

Yeye anahudumia wagonjwa hospitalini, Woluwe. Akirudi jioni tunakula, halafu tunaangalia katuni yetu ya Kijapani, sehemu moja tu. Katuni hiyo ilianza zamani kabla hatujaijua, na mpaka leo bado inatengenezwa. Tulijiwekea sheria: hakuna anayetangulia peke yake, na hakuna anayeruka nyimbo. Wimbo wa kufungulia tunauimba kwa nguvu, kwa Kijapani chetu cha kubuni. Wa kufungia tunausikiliza kimya, kama watu waliotoka kwenye mazishi.

Kwa asiyejua: katuni ndefu namna hii haibaki na nyimbo zilezile. Hadithi ikigeuka, nyimbo nazo hubadilishwa. Kwa hiyo ukimsikia mtu anaimba wimbo fulani, umejua amefika wapi. Nyimbo za kufungulia mimi siziamini hata kidogo, maana zinaonyesha sura za watu ambao bado hatujakutana nao, mmoja ana kovu, mwingine anacheka bila sababu. Nilikuwa nasimamisha picha, nasogelea televisheni, nachunguza kama askari wa mpakani aliyeshika pasipoti ya mtu asiyempenda. Dada alikuwa akinicheka, anasema diploma yangu ya sekondari ingenitosha kabisa kuwa jasusi wa katuni.

Jioni moja alikuwa anakata vitunguu huku akiimba kwa kufumba mdomo. Wimbo wa polepole, una mahali unapopanda halafu unaanguka ghafla, kama mtu aliyekosea kukanyaga ngazi. Sikuujua. Nikamuuliza kama ni wa kwaya yake ya kanisani. Akasema ndiyo, haraka mno, akafungua maji ya bomba ambayo hakuwa na haja nayo.

Ningesahau. Lakini baada ya wiki chache hadithi yetu ikageuka, ukaja wimbo mpya wa kufungia. Msichana anatembea kwenye theluji, piano inaanza, sauti inapanda, halafu inaanguka. Ulikuwa uleule. Nikamgeukia dada. Alikuwa anaisoma sahani yake kama gazeti. Kwaya ya parokia yetu naijua vizuri, na haijawahi kufika Japani.

Kuanzia siku hiyo nyumba ikawa na mpelelezi. Nikatazama kwenye akaunti yetu ya kuangalizia katuni: hakuna kilichofunguliwa zaidi ya pale tulipofika. Basi aliangalia kwingine, kwenye televisheni ya mtu mwingine. Nikamtegea. Nilisema yule mwalimu mzee wa kwenye katuni, mwenye ndevu nyeupe, lazima ataokolewa, hawawezi kumuua. Dada akajibu "tutaona", kwa ile sauti anayowapa ndugu wa wagonjwa. Nikajua mzee amekwisha. Nikaanza pia kuona kwamba mazoezi ya kwaya yanarefuka, na kwamba akitoka huko anadonoa chakula kama mtu aliyeshakula.

Sikuogopa kwamba kuna mwanaume. Dada ni mtu mzima, na mwanaume atakayemweza nitamwonea huruma kwanza. Niliogopa kwamba ataondoka, na mimi nitabaki na kochi lenye upande mmoja uliobonyea na mwingine unaopanda taratibu.

Jumamosi nikashindwa kuvumilia. Alikuwa anakunja nguo.

"Unaiangalia na nani?" nikamuuliza.

Hakujifanya hajaelewa. Aliendelea kukunja shati langu, akalikunja vibaya, akalifungua tena.

"Kuko mutu," akasema. "Anaendeshaka ambulance pale kwetu. Bibi yake alikufaka, akabakia mujane. Aliniambia tuoane tangu ile mwaka ingine."

Nikamuuliza kwa nini basi sijasikia.

"Yaya, ningekuacha na nani? Njo maana nikamwambia, bon, angoje kwanza tumalize hii série ya katuni na weye." Akaanza kucheka na macho yamejaa machozi. "Alisema hakuna shida, atangoja. Alors akaenda kuangalia imebaki ngapi. Akakuta haiishake. Hata wenye kuitengeneza hawajue itaisha lini."

Bwana huyo, badala ya kukata tamaa, alianza kuiangalia mwenyewe tangu mwanzo, ili ajue angalau anangojea nini. Akatupita. Siku moja alimwita dada aje aone kidogo tu, na kidogo kikazaa kingine. Nilitafuta hasira nikaikosa. Nilichopata ni mashaka mapya: mtu mwenye subira kiasi hicho anataka nini hasa?

"Watu wake wanataka kuja," dada akasema. "Baba hayuko. Ni weye tu wa kuwapokea."

Nikasema waje Jumapili ijayo, na wasichelewe.

Walifika mapema, yule bwana na wajomba wake wawili wamevaa suti, na katoni ya bia waliyoiweka chini katikati ya sebule. Yeye ni mrefu, mkimya, anakaa kwenye ncha ya kiti. Nilimchunguza kama ninavyochunguza sura za kwenye wimbo wa kufungulia, nikitafuta kovu. Mjomba mkubwa alizungumza kwa mizunguko, akaniita papa, yaani baba, ingawa ananizidi mvi, akamaliza kwa kunionyesha ile katoni.

Kwetu bia ya posa haiguswi mpaka binti aulizwe mbele ya wageni kama amekubali, na mwenye kuuliza ni mkubwa wa nyumba. Kwa wiki nzima nilikuwa nimejiandalia maneno mengi ya kumpima yule bwana. Yote yakapotea. Nikamwita dada kutoka jikoni, akaja, akasimama karibu nami.

"Hawa watu unawajua?" nikamuuliza.

"Nawajua."

"Hii bia tuinywe?"

Alinitazama mimi, hakumtazama yeye.

"Fungua, yaya."

Nikaanza kutafuta kifungulio, mezani, kwenye kabati, chini ya mito ya kochi, mpaka yule bwana akasema kwa heshima nyingi kwamba nimekishika mkononi.