Magurudumu Mapana ya Mwalimu Syokau

Siku yangu ya kwanza kazini nilifukuzwa kabla ya chai ya saa nne, nikakataa kwenda. Ilikuwa gereji moja mjini Kitui, na aliyenifukuza alikuwa foremani, mtu mfupi mwenye sauti ya kuhubiri sokoni. Alikuwa ameniambia nikaze nati za gurudumu la lori, lakini si kwa kuzunguka. Nikaze moja, kisha ile inayoielekea upande wa pili, kisha nyingine. Nikamwuliza kwa nini.

"Wewe umekuja kazi ama umekuja maswali? Toka!"

Nikaenda hadi langoni, nikasimama. "Nitatoka," nikamwambia, "lakini nijibu kwanza."

Wenzangu waliweka spana chini wakatazama. Foremani alinikodolea macho, halafu akacheka mpaka akashika kiuno. Akanirudisha ndani akanionyesha. Ukikaza nati kwa kuzunguka, rimu, yaani kile chuma kinachobeba tairi, hukaa upande. Unadhani imeshika, kumbe kuna nafasi upande mmoja, na nati zinaanza kulegea ukiwa barabarani. Ukikaza kwa kuvuka, rimu hukaa sawasawa. Jibu hilo nililipata kwa ubishi, na nyinyi vijana mnaosoma haya mjue mapema kwamba mimi si mtu wa kuujutia.

Kutoka Kitui nilipelekwa tawi la Kwa Vonza, chini ya meneja wa tawi aliyekuwa mpole hadi wateja wakampanda kichwani. Wafanyabiashara wa pale walipenda kuweka magurudumu makubwa kwenye pikapu zao ili waonekane. Huko ndiko nilikojifunza kwamba gurudumu kubwa lina maswali matatu. Matundu ya nati yanalingana na boliti za gari? Kina cha rimu ni kipi? Na je, kuna nafasi? Kina ni umbali kati ya katikati ya rimu na pale inapofungwa kwenye hab, kile kitovu ambacho gurudumu linazungukia. Ukikikosea, tairi inaingia ndani mno ikasugua springi, au inatoka nje ikakwaruza madigadi, lile bati la juu yake. Meneja aliyajua hayo yote, ila hakuweza kumkatalia mtu. "Mutua," angeninong'oneza, "mwambie hapana. Mimi siwezi." Basi nikawa mimi wa kusema hapana, na kusema kweli, niliifurahia kazi hiyo.

Kisha nikaenda Ikutha, kwenye karakana ya kambi ya barabara. Mkuu wa karakana alikuwa mzee asiyependa maneno. Alinipeleka kwenye kijito kikavu akaniambia nivuke na pikapu yenye tairi nyembamba. Ilizama. Akanivuta kwa trekta, akafunga tairi pana, akapunguza upepo kidogo, akaniambia nivuke tena. Nikavuka. Tairi nyembamba hukata mchanga ikachimba shimo lake yenyewe, bali pana hupita juu. Hilo ndilo lililokuwa somo lote. Siku ya kuondoka alinipa rimu nne pana za pikapu iliyokuwa imetupwa nyuma ya karakana. "Chukua," akasema. "Zikikosa kazi, panda sukuma wiki ndani."

Rimu hizo nilizibeba hadi Kathonzweni, nilikopata kazi yangu ya mwisho. Mke wangu alizilalamikia miaka yote. Zilikaa chini ya turubai, nikampita kila siku nikijifanya sisikii.

Pale Kathonzweni ndipo alipokuja Mwalimu Syokau. Alikuwa amestaafu zamani. Nusu ya watu wa soko lile aliwafundisha hesabu, na wote walijua gari lake: gari jekundu la michezo, la viti viwili, boneti ndefu, tumbo karibu na ardhi. Alilinunua akiwa bado msichana, kwa mzungu aliyekuwa anahama, na akaenda nalo shuleni mpaka alipostaafu. Mumewe alipofariki, mwanawe mkubwa, Kioko, alimtoa kwenye shamba lao la Ikutha, walikohamia alipostaafu, akamleta nyumbani kwake Kathonzweni pamoja na gari. Alimpa chumba kizuri na televisheni. Mwalimu alikaa mwezi mmoja, akasema sasa anarudi shambani kwake, ndengu zinakaribia kuvunwa.

Asubuhi iliyofuata alikuta gari lake limekaa juu ya mawe. Watoto wake walikuwa wameondoa magurudumu yote manne wakayaficha.

Aliponisimulia hilo kwenye mlango wa gereji, hakulia. Mimi ndiye niliyepata hasira mpaka nikasikia masikio yanapata moto. Mtu amewafundisha watoto wake kutembea, nao wanamwondolea magurudumu!

"Wameniambia ni kwa usalama wangu," alisema. "Mutua, shamba ni langu, gari ni langu, leseni ninayo. Nataka kwenda nyumbani. Unaweza kunipatia magurudumu?"

Kabla sijajibu nilimwonyesha pikapu iliyokuwa imesimama mbali, karibu na duka la dawa, nikamwomba asome namba yake. Alisoma yote bila kukunja uso, akaongeza kwamba taa moja ya nyuma imepasuka. Macho yangu hayakuiona taa.

Meneja wa gereji alikuwa amesikia. Mwalimu alipoondoka aliniita ofisini. Alikuwa kijana mwenye adabu, sina neno naye, lakini malori ya Kioko ndiyo yaliyokuwa yakituletea kazi.

"Mzee Mutua, hiyo gari ya mama ya Kioko usiguse. Kioko mwenyewe amenipigia simu. Amepigia magereji yote mpaka mjini Wote."

"Amesema mama yake ni mgonjwa?"

"Amesema ni mzee."

"Hata mimi ni mzee."

"Si ndio nasema! Umebakisha kidogo tu upumzike. Kwa nini unataka kuharibu mambo saa hii?"

Nilirudi nyumbani, nikafunua turubai.

Kwa siku za karibuni nimesikia wapenzi wa magari ya zamani wakisema gari kama lile halifai kubadilishwa hata nati. Wana haki ya maoni yao, wao wanaoendesha kwenye lami na kuosha gari Jumamosi. Magurudumu yake ya asili yalikuwa membamba, ya inchi kumi na tatu, na hata tungeyapata, yangezama kwenye mchanga ulio mbele ya lango la Mwalimu. Marehemu mumewe ndiye aliyekuwa akimsukuma kila mara. Sasa hakuna wa kumsukuma. Rimu zangu zilikuwa za inchi kumi na tano, pana zaidi kwa karibu vidole vinne. Matundu yalilingana na boliti. Kina kilinipa wasiwasi kidogo, lakini nilikuwa nimeshachagua upande.

Nilienda siku ambayo Kioko alikuwa Nairobi. Mkewe alinifungulia lango. "Mimi sijaona mtu," akasema, kisha akaniletea chai.

Nilifunga tairi pana zenye ubavu wa wastani, kwa sababu ubavu ukiwa mrefu mno gurudumu zima linagonga juu. Mbele zilikaa vizuri gari likiwa limenyooka, lakini ukizungusha usukani mpaka mwisho zilisugua kwa ndani. Nyuma zilikwaruza ukingo wa madigadi. Mafundi wengi wa siku hizi wangeleta grainda wakate. Mimi sikati. Bati lililokatwa huanza kutu siku hiyo hiyo, na umbo la gari limeshaharibika.

"Mwalimu," nikamwuliza, "hapa kuna mchi?"

Mkaza mwanawe alileta ule wa kutwangia muthokoi, mahindi ya kukobolewa, mzito na laini kwa matumizi. Tulilowesha kitambaa kwenye maji ya moto tukakiweka juu ya ukingo ili rangi ipate joto isipasuke. Nikaingiza mchi kati ya tairi na ukingo. Mwalimu akakaa kwenye usukani, sisi wawili tukasukuma gari polepole, mbele na nyuma, mbele na nyuma. Mchi ulibingirika kati ya tairi na bati, ukingo ukajikunja kwenda juu kidogo kidogo. Rangi haikutoka hata mahali pamoja.

Kisha nikabandika udongo wa mfinyanzi ndani ya madigadi, tukapakia magunia ya ndengu kuleta uzito, nikaliyumbisha gari kwa nguvu zangu zote. Udongo unakuonyesha ukweli. Ukikuta umebaki unene wa kidole, nafasi ipo. Ukikuta umefutika, utafutika mpira wako barabarani. Nyuma ulibaki kidole kizima. Mbele niliongeza vishikizo vya chuma vinavyozuia usukani usifike mwisho kabisa.

"Sasa utahitaji uwanja mkubwa ukitaka kugeuza," nikamweleza.

"Mimi sigeuzi. Naenda moja kwa moja."

"Na gurudumu kubwa huenda mbali zaidi kwa kila mzunguko. Mshale wa spidi utasoma chini ya mwendo wako wa kweli."

"Nimefundisha hesabu maisha yangu yote, Mutua. Nitaongeza mwenyewe."

Tulikuwa tukishusha magunia meneja alipoingia. Sijui nani alimwambia. Aliangalia gari lililosimama kwa miguu yake, akaniangalia mimi, na nadhani aliona haya kidogo.

"Mzee Mutua, ukiliachilia hilo gari litoke, usirudi kazini."

"Nilifukuzwa siku ya kwanza pia," nikamwambia. "Tofauti ni kwamba leo sina swali."

Mwalimu aliwasha injini. Sauti yake ilijaa uani mpaka kuku wakakimbia. Kwa kuwa sasa sikuwa na pa kwenda, nikaweka jeki yangu kubwa na pampu ya mguu nyuma ya viti, maana jeki ya asili ilikuwa fupi kwa gari lililoinuka vile, nikaingia kiti cha pili. Mwalimu alivuka mto Athi akiwa wima kama anasimamia mtihani. Usukani ulikuwa mzito zaidi kuliko zamani na milimani alilazimika kurudisha gia mapema. Hakulalamika. Mimi ndiye niliyeshika mlango.

Kwenye kijito kikavu cha karibu na shamba lake nilishuka nikapunguza upepo. Aliingia mchangani taratibu bila kukanyaga breki, akapita juu, akapanda ukingo wa pili, akasimama mbele ya lango lake. Hapo ndipo aliposhika uso kwa mikono miwili akalia. Nami nililia, na sioni sababu ya kuficha.

Jioni Kioko alifika, kwa lile gari lake kubwa jeusi lenye tairi za lami. Aliliingiza mchangani kwa hasira, likazama mpaka tumboni. Tulimwona akitoka, akijaribu kuchimba kwa mikono, akirudi ukingo wa mbali kusimama na viatu vyake mkononi. Nilitaka kushuka nimsaidie.

"Kaa hapo," Mwalimu aliniambia. "Viti ni viwili tu."

Alivuka, akageuza kwenye uwanja mpana wa ng'ambo kwa mzunguko mmoja mkubwa, akasimama kando ya mwanawe. Hewa ilikuwa tulivu, nilisikia kila kitu hadi huku langoni.

"Mwaitu, sisi tulikuwa tunaogopa tu," Kioko alisema, akimwita mama kwa Kikamba.

"Najua. Hata mimi niliogopa ulipoanza kuendesha. Nilikuficha funguo?"

Kioko alikung'uta mchanga kwenye viatu vyake.

"Ingia. Na hicho kiti si cha kutolea amri."

Aliingia. Alivushwa na mama yake, magoti yakiwa karibu na kidevu.

Wiki iliyofuata Kioko alileta yale magurudumu ya asili kwa lori, akasema samahani kwa mdomo wake, na Mwalimu aliipokea. Alinipigia simu kuuliza ayafanyie nini. Nikamkumbuka mkuu wa karakana. Leo ukifika pale langoni utakuta sukuma wiki ya kijani imejaa ndani ya tairi nne nyembamba. Wapenzi wa magari ya zamani wakija kulia, waje na maji ya kumwagilia.

Nami nikastaafu hivyo, bila sherehe, bila soda, bila hotuba ya meneja. Watu huniuliza kama nilisikitika. Nilisikitika, ndiyo. Nilikuwa nimejiwekea hotuba nzuri. Lakini kazi yangu yote ilikuwa kuweka watu barabarani, na sikuona kwa nini niimalize kwa kumwacha mmoja juu ya mawe. Wanaotaka kuniambia nilikosa adabu kwa mwajiri, kwanza wakae juu ya mawe wao wenyewe, ndipo waniambie.

Mwezi uliopita watoto wangu walikuja wote pamoja, jambo ambalo si la kawaida. Walikunywa chai, wakasifu mihogo. Kisha binti yangu mkubwa akasema kwa sauti laini, "Baba, mgongo wako si wa kuinua magurudumu tena. Tupatie spana na jeki tukuwekee."

Sauti ile naijua. Spana zimekaa chini ya kitanda changu na zitakaa huko huko. Jeki nikawaambia haipo hapa, iko Ikutha kwa Mwalimu Syokau, ng'ambo ya mchanga, na anayeitaka aende akaichukue.